Moshi wa Nyumba ya Naetwe

Akuombaye moto ndiye aujuaye moshi wako.

Bibi Namsifu aliyasema hayo huku akimenya ndizi, wala hakuinua macho. Mjukuu wake Nakiete alikuwa akimlalamikia jirani mmoja ambaye haipiti siku hajaja kuazima kitu. Nakiete na nduguze walitazamana. Methali hiyo walikuwa hawajapata kuisikia.

"Moto gani, bibi? Na moshi gani?"

"Ninyi mmezaliwa kiberiti kiko mezani, mtajuaje?" akasema Bibi Namsifu. "Haya, mikono imenye, masikio yawe huku. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe si wa kuchekesha."

Zamani, kabla kiberiti hakijapanda milima hii ya Upare, moto ulilelewa kama mtoto. Jioni mama wa nyumba aliyafukia makaa majivuni, asubuhi akayafukua, akayapulizia, moto ukaamka. Aliyekuta makaa yake yamekufa alichukua kigae cha chungu akaenda kwa jirani. Na desturi ilikuwa hivi: mwomba moto hanyimwi, wala hapigi hodi. Akifika huingia moja kwa moja hadi mekoni, kwa maana nyumba isiyo na moto ina shida, na mwenye shida hasimamishwi mlangoni. Kumwambia mtu moto umezimika, nawe unao, lilikuwa jambo la aibu kubwa.

Basi palikuwa na mke mmoja kijana, Naetwe. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye mgongo wa mlima, nyuma yake ni msitu. Mumewe, Senkoro, alikuwa ameshuka tambarare kuwinga ndege kwenye mtama. Naetwe alibaki na mtoto wao wa kwanza, Kadeghe, aliyekuwa bado ananyonya, pamoja na mbuzi waliolala humo humo ndani, kama ilivyokuwa kawaida.

Jirani yake alikuwa mmoja tu, ng'ambo ya kijibonde: Nambike, mjane mtu mzima. Kuni za kumtosha Nambike hakuwa nazo, na moto wake ulikufa kila usiku. Kwa hiyo kila asubuhi alikuja na kigae chake. Angekuwa anachukua moto na kwenda zake, Naetwe asingekuwa na neno. Lakini Nambike aliketi. Akasema mtoto amefungwa vibaya mgongoni. Akasema uji ni mzito, au ni mwepesi. Akachungulia chunguni. Akauliza Senkoro atarudi lini, swali alilouliza jana na juzi. Naetwe alimchoka, akachoka kweli kweli. Ukweli ni kwamba hata mimi ningemchoka.

Ndipo asubuhi moja Naetwe alipomwona Nambike anapanda, akayarudishia makaa majivu upesi upesi. Mgeni alipotia mguu ndani, Naetwe akasema, "Bibi, leo hata mimi umezimika."

Nambike alitazama meko, akamtazama Naetwe, akasema, "Pole, mwanangu." Akageuka na kigae chake kitupu.

Naetwe aliona raha siku ile. Kesho yake akaamua kufanya vile vile: moto hataufukua mpaka saa ya Nambike ipite. Alifungua mlango ili mwanga uingie, japo nje kulikuwa na ukungu mzito usioonyesha hata migomba ya uani. Akamfunga Kadeghe mgongoni, akapanda ngazi kwenda darini kuteremsha mahindi. Dari yenyewe ilikuwa ya fito tu, zimepangwa juu ya meko ili nafaka ikaushwe na moshi.

Alikuwa ameinama juu ya mahindi aliposikia mbuzi wakinyamaza.

Mbuzi wa asubuhi hawanyamazi. Hulia wakitaka kutoka. Naetwe alitega sikio. Kisha kukawa na kishindo kimoja, kamba ikakatika, mbuzi mmoja akakoroma, na wengine wakatoka mbio mlangoni wakikanyagana. Baada ya hapo akasikia kitu kikiburutwa sakafuni, chini yake kabisa.

Alichungulia kati ya fito. Aliona mgongo wa madoadoa.

Chui alikuwa amelala kando ya meko, mbuzi jike kambana kwa miguu ya mbele, anakula bila haraka. Hakuna chui anayependa kula mvuani au ukunguni akipata nyumba kavu. Na ngazi aliyopandia Naetwe ilikuwa imeegemea pale pale, karibu na mkia wake.

Watoto wangu, kuna hofu ya kukimbia, na kuna hofu ya kukaa kimya. Hii ya pili ndiyo mbaya. Naetwe aliogopa kuhema. Aliogopa ufito mmoja usilie chini ya goti lake. Jasho lilimtoka asubuhi ile ya baridi, akahisi tone likimshuka puani, akalifuta lisije likamdondokea mnyama. Zaidi ya yote alimwogopa Kadeghe. Mtoto alikuwa anajigeuza geuza mgongoni, na muda wake wa kunyonya ulikuwa umefika. Taratibu, kidogo kidogo, akamzungusha mbele, akampa titi. Mtoto akaliachia titi mara mbili. Kila alipoliachia, Naetwe alifumba macho akingoja kilio.

Kadeghe akanyonya. Chini mifupa ikavunjika.

Akawaza nani atakuja. Senkoro yuko tambarare. Njia ya watu haipiti pale. Hakuna mtu anayekuja kwake isipokuwa mmoja, na huyo jana amemfukuza kwa uongo. Alitamani Nambike aje. Alitamani kama mwenye kiu anavyotamani maji. Halafu akakumbuka desturi, na tamaa ile ikamgeukia. Mwomba moto hapigi hodi! Nambike akija ataingia moja kwa moja mekoni, katika ukungu huu, hadi miguuni pa chui.

Basi akaanza kuomba asije. "Mungu, akae kwake. Akasirike, anune, asije."

Muda si mrefu akasikia nyayo. Alizijua. Mguu mmoja wa Nambike ulikuwa mzito, na aliupanda mlima ule akiguna. Guno likasikika migombani. Likasikika uani.

Chui naye alisikia. Aliacha kula, akageuza masikio kuelekea mlangoni, akakaza mwili.

Naetwe alimtazama mtoto kifuani. Akinyamaza, chui hatajua kwamba darini kuna watu. Atamkamata mwanamke yule, na huenda akaondoka naye. Akipiga kelele, ngazi ile pale, na chui hupanda hata mti usio na ngazi. Hakuna ambaye angemlaumu. Hakuna ambaye angejua, hata.

Nyayo zilifika kizingitini.

"Bibi Nambike, usiingie!" akapiga yowe kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. "Chui! Chui yumo ndani!"

Chui aliruka akasimama, akatazama juu. Macho yao yakakutana kati ya fito. Kadeghe akaangua kilio. Mnyama akaweka mguu kwenye ngazi, ngazi ikalia. Akaweka wa pili. Naetwe alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa nyasi za paa, akamkumbatia mtoto, akaanza kumrushia mnyama mahindi, magunzi, kila kilichokuja mkononi, huku akilia kwa sauti.

Nje Nambike hakukimbia. Wala mlangoni hakusimama, maana mnyama aliyezibiwa njia hupita juu yako. Alijibanza kando ya ukuta. Mkononi alikuwa na kigae, na kigaeni, watoto wangu, mlikuwa na makaa mekundu. Aliyamwaga juu ya bumba la majani makavu ya mgomba lililowekwa pale chini ya paa, akapulizia mara moja, mbili, yakawaka. Akalirusha bumba lile ndani, likapita mlango, likaangukia chini ya ngazi, huku akipiga ukunga uliofika mitaa ya chini.

Chui aliona moto umemzukia miguuni. Alijitupa kutoka kwenye ngazi, akatoka mlangoni kwa kuruka kumoja, akauacha hata mzoga wake. Ukungu ukammeza.

Naetwe alishuka hajui ameshukaje. Aliukanyaga moto kwa miguu mitupu usishike nyumba, ndipo akaanguka uani mbele ya Nambike, mtoto wake kifuani. Wote wawili walikaa chini. Watu walikuwa wanasikika wanapanda kwa mbio, na michi na mapanga mkononi.

"Makaa," akasema Naetwe. "Bibi, umekuja na makaa. Umeyatoa wapi?"

"Kwa kina Mbonea, kule chini."

"Kote huko, na mguu huo? Na kwa nini uniletee mimi?"

"Nilipoamka, kabla ukungu haujafunga, niliangalia nyumba yako nikaona haina moshi," akasema Nambike. "Nikasema, leo umezimika kweli, na mle mna mtoto mchanga, na baridi hii."

Naetwe aliinamisha kichwa. Aliona afadhali chui kuliko neno lile *kweli*.

"Kwa hiyo jana ulijua nakudanganya."

"Mwanangu, nilipofika kwangu nikageuka. Paa lako lilikuwa linafuka kuliko siku zote." Akamfuta Kadeghe machozi kwa kiganja chake kilichojaa majivu. "Lakini mimi kila nikiamka hutazama kwanza kama umewasha. Nisipotazama, nitakujaje kuomba? Ndiyo kazi yangu ya asubuhi. Na huyu mtoto umemfunga vibaya tena."

Naetwe alicheka na kulia kwa pamoja. Watu walipofika wakiuliza ni nani aliyegundua hatari, ni nani aliyepiga ukunga, alimshika Nambike mkono akauinua.

"Ni huyu," akawaambia. "Mume wangu yuko mbali, ndugu zangu wako mbali, na ninyi nyote mlikuwa makwenu. Akuombaye moto ndiye aujuaye moshi wako."