Kwa Nini Wachimbaji wa Sarafu Huinua Bendera Kabla ya Sheria Mpya

Bisha. Bisha kabisa, kisha ukae usikilize, maana wenye vyeti vyao hawajakueleza hili, nami niliyeitoroka shule darasa la sita nakueleza bure.

Zamani, mtandao wa sarafu za kompyuta ulipokuwa mchanga, sheria ilibadilishwa kwa tangazo tu. Kila nyumba ilikuwa na kompyuta, na kompyuta zote zilitunza daftari moja la nani kamlipa nani. Walioandika kurasa mpya waliitwa wachimbaji. Programu iliyoendesha kompyuta hizo ilikuwa mikononi mwa Nyamvula, mwanamke mwenye haraka. Aliona kurasa ni ndogo, malipo yanapanga foleni, akatangaza asubuhi moja kwamba kuanzia leo kurasa ni kubwa.

Nusu ya watu wakabadilisha programu. Nusu hawakusikia, walikuwa shambani. Kompyuta zao zikazikataa kurasa kubwa kama noti bandia, zikaendelea na zao. Daftari likapasuka mawili. Siku hiyo Ngala, kaka yake Nyamvula, alikuwa ameuza mbuzi wake wote. Malipo yalionekana kwenye daftari moja tu, na wauza unga wa ugali wote walifuata lile jingine.

Ngala hakupiga kelele. "Dada," alisema, "mbuzi wameondoka wazima. Mbona malipo yamekuja nusu?"

Hilo lilimchoma Nyamvula kuliko matusi ya soko zima. Akarudisha sheria ya zamani, watu wakarudi kwenye daftari moja, Ngala akalipwa. Kisha akaweka utaratibu. Sheria mpya itatolewa ikiwa imelala ndani ya programu. Mchimbaji aliye tayari atachora bendera kwenye kona ya ukurasa anaouandika. Bendera zikijaa karibu kurasa zote za msimu, sheria imepita, ila itangoja msimu mwingine ili waliochelewa wajiandae, ndipo iamke. Zisipojaa, inakufa bila ugomvi.

"Na yako ya kurasa kubwa, mama," mchimbaji Dzombo akamtania, "nayo itapanga foleni?"

"Ndiyo itakayotangulia."

Na tangu siku hiyo wachimbaji huinua bendera kwanza, sheria hufuata nyuma.

Haya, kuna kipande nilikiruka, maana hakinogeshi majigambo. Bendera za sheria ya Nyamvula hazikutosha. Programu ilikuwa yake, angeweza kulazimisha, na wote walikuwa wakimtazama waone atafanyaje. Akaifuta sheria yake kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo watu walipoanza kuziamini bendera.