Mama Kigamba na Sheria Tatu za Ngiri

Paukwa!
*Pakawa!*
Pakawa na nini?
*Pakawa na kiu!*
Kiu ya nani?
*Ya kila mwenye koo!*

Basi kaeni. Mwenye mtoto amlaze begani, asiye na mtoto amshikie mwenzake, tusikilizane.

Hapo kale mvua iligoma. Iligoma msimu wa kwanza, ikagoma msimu wa pili, mto ukageuka njia ya mchanga, wanyama wakawa wanalamba umande kwenye majani, na umande nao ukaisha. Wakakubaliana wachimbe kisima. Kikaundwa kikosi cha wachimbaji, na kikosi chote kilikuwa madume. Nyegere alikuwemo, mwenye kucha kali na mdomo usiotulia. Muhanga alikuwemo, akichimba anachimba kweli, akilala ndiyo mpaka mumfukue. Na mnyapara wao alikuwa Ngiri.

Ngiri alikuwa na kifua kipana na meno mawili yaliyochomoza nje yakajipinda huku na huku. Kazi yake ilikuwa kukaa ukingoni. Wenzake wakichimba, yeye yuko ukingoni. Wenzake wakitupa udongo juu, yeye anaufukua udongo na kula mizizi iliyomo, ngoo, ngoo, ngoo, huku mdomo umejaa anasema, "Chimbeni! Mimi nasimamia!"

Na desturi ya visima ilikuwa hivi: atakayeonja maji kwanza, mbele ya kikosi, huyo ndiye mwenye kisima na ndiye anayepanga foleni. Nyuma yake wanakunywa waliochimba mpaka siku ya mwisho iliyowekwa na mnyapara. Asiyekuwepo siku ya mwisho anasubiri nyati wapite, nyumbu wapite, pundamilia wapite, halafu anyonye tope lililobaki kwenye nyayo zao.

Sasa habari hizo zikamfikia Kakakuona mmoja, mama kijana, ana mtoto wake wa kwanza, anaitwa Kigamba, magamba yake bado laini, amening'inia kwenye mkia wa mama yake mchana kutwa. Baba Kigamba alikwenda kutafuta mchwa ng'ambo ya milima, hakurudi wala hakutuma salamu. Na maziwa yalikuwa yameanza kupungua. Kigamba alivuta, fyo, fyo, fyo, akaachia titi, akamtazama mama yake usoni. Mliowahi kutazamwa hivyo mnajua.

Mama Kigamba alikuwa mwoga, tuseme ukweli. Jani likidondoka, anajikunja. Tawi likilia, anajikunja. Tih! Kichwa ndani, mtoto katikati, magamba nje, anakuwa mpira. Lakini kuchimba alikujua. Baba yake alikuwa mchimbaji, alimfundisha kuweka sikio chini na kusikia maji yalipo, alimfundisha kuzunguka mwamba badala ya kupigana nao. Akamtazama mwanawe, akajiambia, tope la kwenye nyayo za nyati mimi simnyweshi huyu. Akaenda.

"Hodi kazini," akasema.

"Karibu, shemeji," akasema Nyegere. "Umemletea nani chakula?"

"Sijaleta chakula. Nimekuja kuchimba."

Nyegere akacheka mpaka akajikuna mbavu. Muhanga akafumbua jicho moja. Ngiri akaacha kutafuna.

"Kuchimba? Na hicho ulichokining'iniza nyuma ni jembe?"

"Ni mwanangu, bwana mnyapara."

"Basi sikiliza sheria. Mwenye mtoto mkiani haingii shimoni. Sheria ni sheria!"

Sauti yake ilikuwa nene. Mama Kigamba akajikunja, tih! Akakaa humo ndani gizani, mtoto anamgusagusa pua. Halafu akajikunjua taratibu, akaenda kwenye kichuguu kilichokuwa hatua chache kutoka kisimani, akachimba kajumba kadogo chini yake, akamlaza Kigamba humo. Akarudi, akashuka shimoni.

Kwaru, kwaru, kwaru! Udongo ukaruka. Kwaru, kwaru, kwaru! Muhanga akaamka kabisa. Kufika saa sita shimo lilikuwa limeshuka kuliko lilivyoshuka siku tatu nyuma, na Nyegere alikuwa haongei tena, anahema tu.

Mara, nyii! nyii! Kigamba analia kichuguuni. Mama Kigamba akapanda juu mbio, akanyonyesha, fyo, fyo, fyo, akarudi mbio. Ngiri yuko ukingoni, mdomoni mzizi.

"Ulikuwa wapi?"

"Kunyonyesha, bwana mnyapara. Nimechukua muda mfupi kuliko huyo Muhanga anavyochukua kupiga mwayo."

"Usinijibu! Kuanzia kesho, anayeshuka shimoni hatoki mpaka jua lishuke. Sheria ni sheria!"

Tih! Akajikunja.

Siku ya pili akaja alfajiri, amemnyonyesha Kigamba mpaka mtoto amecheua. Akashuka. Kwaru, kwaru, kwaru! Saa sita, nyii! nyii! Akasikia. Maziwa yakamtoka yenyewe yakalowanisha tumbo, akajikaza, akaendelea. Nyii! nyii! Kwaru, kwaru! Nyii! nyii! Kwaru, kwaru! Kila mtoto alipolia ndivyo mama alivyochimba, utadhani anachimba kumfuata. Jua likashuka, akatoka shimoni kama jiwe lililotupwa, akaenda kichuguuni, akakuta mtoto amelia mpaka amelala, pua imejaa vumbi. Akamnyonyesha akiwa usingizini. Yeye mwenyewe hakulala.

Siku ya tatu akaja, na Ngiri alikuwa anamsubiri.

"Jana," akasema Ngiri, "nimekaa hapa kutwa nzima nasikia mtoto analia. Sikuweza hata kula kwa raha. Mama gani wewe, unamwacha mwanao analia, uko shimoni na madume?"

"Bwana mnyapara, si wewe uliyesema nisitoke?"

"Anayemwacha mtoto wake hana huruma, na asiye na huruma maji yatamkimbia. Anayeacha mtoto nyuma haingii shimoni."

Hata Nyegere akashangaa. "Sasa mnyapara, juzi ulisema asije na mtoto. Leo unasema asimwache. Aje na nini?"

"Juzi ilikuwa juzi. Sheria ni sheria!"

Na mnajua kwa nini? Kwa sababu Ngiri alikuwa ameshaonja udongo uliotoka chini, akausikia una ubichi. Maji yako karibu. Na mchimbaji aliyeyakaribia kuliko wote alikuwa huyu mama.

Mama Kigamba akageuka. Alimchukua mwanawe mkiani, akarudi kichuguuni, akaingia kajumbani, akajikunja huko huko, akatetemeka mpaka magamba yakalia kama debe la kokoto. Akaona nyayo za nyati. Akaona tope. Akaona Kigamba anaachia titi na kumtazama. Akasema, sasa nitafanyaje, nitafanyaje mimi, nikisema nije bila mtoto nimekosa, nikisema nije na mtoto nimekosa, na kesho kutwa ndiyo siku ya mwisho.

Huku analia, sikio lake lilikuwa chini kwenye udongo. Na sikio likasikia. Shii, shii, shii.

Maji.

Akanyamaza. Akajikunjua. Akatazama ukuta wa kajumba kake, akatazama upande wa kisima. Akahesabu: mnyapara alisema shimoni. Chumbani kwangu hakusema. Mama akipanua chumba cha mwanawe, nani atamkataza?

Akamweka Kigamba kifuani. Kwaru, kwaru, akachimba. Fyo, fyo, Kigamba akanyonya. Kwaru, kwaru. Fyo, fyo. Huko kisimani wenzake walikuwa wamegonga mwamba, wanaupiga, ko! ko! ko!, haupasuki. Yeye akaupitia chini kwa mbali, akauzunguka alivyofundishwa, na siku ya nne adhuhuri kucha zake zikaingia kwenye mchanga uliolowa, na maji yakachungulia, baridi, safi, yanazunguka taratibu.

Koo lilikuwa limemkauka. Akatoa ulimi. Ulimi wa kakakuona mnaujua, mrefu kama kamba ya viatu. Ukafika karibu na maji kabisa.

Akaurudisha mdomoni.

Nikionja hapa peke yangu, akajiambia, hakuna kikosi, hakuna shahidi, na kesho Ngiri ataleta sheria ya nne. Akaumeza ukavu wake. Akageukia juu, pembeni ya mwamba, akatoboa kitundu mpaka chini ya shimo la kisima. Akakipanua. Akakumbuka jinsi Ngiri kila jioni anavyoingia pangoni kwake kulala: kinyumenyume, makalio kwanza, meno yabaki mlangoni. Akakipima kitundu kwa macho, akakiacha chembamba kidogo kuliko makalio hayo. Kidogo tu.

Siku ya mwisho akatokea kisimani, Kigamba mkiani.

"Sikukuambia wewe—" akaanza Ngiri.

"Siingii, bwana mnyapara. Nimepita tu kuaga. Ila hapo chini pembeni ya mwamba kumefunguka, nasikia maji yanasema shii, shii. Labda ni masikio yangu."

Ngiri akainamisha sikio. Shii, shii. Mate yakamjaa.

"Tokeni nyote!" akanguruma. "Nyegere toka! Muhanga toka! Hakuna kuonja kabla ya mkubwa!"

Wakatoka, wakasimama ukingoni. Ngiri akageuka. Akaingia kinyumenyume, kama kawaida yake, makalio mbele, meno nyuma, akashuka, akashuka, akafika kwenye kitundu, akasukuma. Akasukuma tena.

Pwachu!

Makalio yakaingia majini. Kiuno kikakwama. Mdomo umetazama mbinguni, mkavu.

"Mnyapara," akaita Nyegere, "yakoje maji?"

"Baridi!" akalia Ngiri. "Nitoeni!"

Muhanga akashuka, akavuta meno, Ngiri akapiga yowe. Nyegere akashuka, akasukuma, Ngiri akazidi kuzama. Wakatoka. Pale zilitakiwa kucha ndefu zinazojua kuzunguka mwamba, na kucha hizo zilikuwa za mmoja tu.

"Mama Kigamba!" akaita Ngiri. "Shuka unichimbue!"

Mama Kigamba akaja ukingoni. Akasimama. "Natamani, bwana mnyapara. Ila nina mtoto mkiani. Sheria ni sheria."

"Mwache huko juu!"

"Anayeacha mtoto nyuma haingii shimoni. Sheria ni sheria."

Nyegere akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Basi hiyo ya kuacha nimeifuta!"

"Sijasikia vizuri."

"NIMEIFUTA!"

"Na ya kutotoka mpaka jua lishuke? Maana mwanangu anaweza kuona njaa nikiwa katikati ya kazi."

"Nimeifuta, mama, maji yananipanda mgongoni!"

"Na ya mtoto mkiani?"

Ngiri akatikisa kichwa. Hiyo ilikuwa ya kwanza, aliipenda kuliko zote. Akakusanya pumzi yake yote, akanguruma kwa ile sauti nene, ngoooo!, mpaka vumbi likaanguka kutoka kuta zote za shimo.

Wote wakamtazama Mama Kigamba. Je, alijikunja?

*Hakujikunja!*

Hakujikunja. Alimshusha Kigamba, akamweka kwenye titi. "Subiri kidogo, bwana mnyapara," akasema, "ananyonya." Fyo, fyo, fyo. Na Kigamba siku hiyo, sijui alikuwa na nini, hakuwa na haraka. Akanyonya, akapumzika, akatazama mawingu, akanyonya.

"Nimeifuta!" akalia Ngiri, sauti imekuwa nyembamba kama ya kinda. "Njoo na mtoto, njoo na shangazi, njoo na ukoo mzima!"

"Mmesikia?" Mama Kigamba akauliza kikosi.

"Tumesikia!" wakajibu.

Ndipo akashuka, mtoto mkiani, mchana kweupe, mbele ya kikosi kizima. Kwaru, kwaru, kwaru! Kushoto. Kwaru, kwaru, kwaru! Kulia. Kitundu kikalegea, Ngiri akachomoka, pwa!, na maji nyuma yake yakaja juu, yanabubujika. Ngiri akaona maji, tamaa ikamrudia papo hapo, akataka kugeuka anywe. Meno yakagonga ukuta wa huku. Akajaribu upande wa pili. Meno yakagonga ukuta wa huku.

Chwaa! Ulimi mrefu ukapita chini ya kwapa lake, ukagusa maji, ukarudi.

"Ameonja!" akapiga kelele Nyegere. "Mama Kigamba ameonja!"

"Uongo! Makalio yangu yalitangulia!" akasema Ngiri.

"Makalio hayaonji, mnyapara," akasema Muhanga, na hayo ndiyo maneno pekee aliyosema mwaka ule.

Basi Mama Kigamba akawa mwenye kisima. Akanywa, na maziwa yakarudi, na Kigamba akavuta mpaka akalala na titi mdomoni. Foleni akaipanga yeye, wenye watoto wadogo kwanza. Kila kilipochimbwa kisima kipya, kajumba ka watoto kalichimbwa kwanza, na zamu ya kubembeleza ilikuwa ya wote. Nyegere alibembeleza vizuri sana, ila nyimbo zake hazikufaa watoto. Ngiri alipewa zamu ya kutupa udongo. Na mpaka leo mkimwona ngiri anakimbia, mkia ameusimamisha juu kama fimbo. Anaukausha.

Sasa mafunzo, maana ngano bila mafunzo hamwendi kulala. Mafunzo ni haya: mama anayenyonyesha akae chumbani kwake, atulie, tena huko chumbani asiguse hata udongo, maana akikwaruza kidogo tu atafika kwenye maji, na wakubwa watalowa makalio. Nanyi wanyapara, tungeni sheria nyingi kadiri mnavyotaka, mradi muwe na viuno vyembamba.

Ngano yangu nimeiacha kisimani. Mwenye kiu nayo akaiteke.
*Na foleni je?*
Mwenye mtoto apite mbele.