Redio ya Mwalimu wa Kwaya

Aliye karibu na anayesinzia humu kanisani ampige kiwiko, maana jambo hili silisemi mara mbili.

Palikuwa na mwalimu wa kwaya, mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, kifua kipana cha kuimbia. Sauti nne za kwaya yake alizijua kama mama anavyojua vilio vya wanawe: akisikia tu, anajua huyu ana njaa na huyu ana deko. Mungu alimpa masikio kwelikweli. Ubaya wa mtu aliyepewa masikio ni kwamba hudhani sisi wengine tulitundikiwa vya kushikia miwani.

Mwalimu huyo akanunua gari. Gari dogo lililotumika, zima tu, ila redio iliyokuja nayo kutoka kiwandani ilikuwa na sauti ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ukiongeza sauti, mdundo unakimbia; ukipunguza, unabaki na mluzi. Akakosa raha. Kwaya yake ilikuwa imerekodi nyimbo mbili za kujipimia kabla ya mashindano ya jimbo, na yeye huzisikiliza garini, akienda kazini na akirudi. Sasa atajuaje kama zimekaa sawa?

Akaenda kwa fundi redio. Fundi akazungushazungusha vitufe, akamwambia, "Mwalimu, redio yako haina dhambi. Huko kiwandani wameifunga mdomo isije ikapasua hivi vispika vya karatasi. Tunaiacha palepale ilipo, ila nyuma yake tunaweka prosesa. Prosesa inachukua sauti, inaisafisha, inaipanga upya, ndiyo inaituma kwenye spika."

Kidude chenyewe kilikuwa saizi ya kipande cha sabuni ya mche. Fundi akakificha chini ya kiti, akabadilisha spika za milango, kisha akamkalisha mwalimu kwenye kiti cha dereva na kumwambia asitikisike. Akamwekea maiki ndogo sikioni, akafungua kompyuta, redio ikaanza kunguruma kama mvua juu ya bati.

"Hapo unapima nini?" mwalimu akauliza.

"Usitikise kichwa, mwalimu. Spika ya kulia iko gotini kwako, ya kushoto iko kule. Ya karibu inakuwahi. Kwa hiyo hii ya karibu tunaichelewesha kidogo na kuipunguza nguvu, ili zifike kwako pamoja."

Akaweka wimbo wa kwaya. Jamani! Kwaya nzima ilisimama juu ya dashibodi. Wanawake kushoto, wanaume kulia, kama walivyopangwa siku ya kurekodi, na katikati unamsikia mtu akivuta pumzi. Mwalimu akatokwa na machozi. Mwanamume mzima, analia kwa ajili ya redio. Tumwache.

Akaenda mbio nyumbani kumchukua mkewe. Huyu mke ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya pili, miaka ishirini na sita, na hajawahi kupoteza noti moja. Watoto wanne amewazaa bila kukosa mazoezi ila majuma ya uzazi. Kwaya haikuwa kitu cha kumpitishia Jumamosi. Hapo ndipo palipokuwa mahali pake duniani. Jikoni ana mawifi, shambani ana mashemeji, lakini pale kwenye ule mstari hakuna aliyemwingilia.

"Mama Tumpe, ingia usikie mambo ya mbinguni."

Mama akaingia upande wa kushoto, akafunga mkanda, akasikiliza wimbo wa kwanza mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Baba Tumpe, wanaume wamekwenda wapi?"

"Wanaume gani?"

"Wa kwaya. Mimi nasikia wanawake tu, tunapiga kelele hapa mlangoni kwangu. Wanaume ni kama wamefungiwa stoo."

Mwalimu akatega sikio. Wanaume hao hapo, besi inatembea kama ng'ombe dume, hakuna hata mmoja aliyetoroka. Akaongeza sauti.

"Na sasa?"

"Sasa tunapiga kelele zaidi."

Mwalimu akachanganyikiwa. Akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho, kama unavyotazama mbuzi aliyekataa majani mabichi. Anamtania? Hapana, hana uso wa utani. Kesho yake akamwekea tena, akasema yale yale. Keshokutwa akampa lifti mzee wa kanisa, akamwekea wimbo bila kumwambia neno. Yule mzee akasifu sana, halafu akauliza, "Lakini mwalimu, mbona akina mama wamewazidi wenzao hivyo?"

Niwaulize ninyi. Watu wawili wakikwambia kitu kimoja, na wewe peke yako unaona kingine, unafanyaje? Unajichunguza? Thubutu! Unaanza kutafuta ugonjwa wao. Mwalimu akasema moyoni, mzee masikio yamekwisha, ni haki yake, ana miaka sabini na nane. Ila huyu mke wangu, masikio yake yameanza lini kukataa sauti za chini?

Akampeleka hospitali. Mganga akamfunga vile vidude vya masikioni, akampima kulia, akampima kushoto. Akatoka anacheka. "Mzee, mkeo anasikia hata sisimizi akivaa viatu. Mrudishe nyumbani."

Mwalimu akashukuru, akatoka pale akiwa na hakika kwamba ile mashine ya hospitali ni mbovu.

Msimcheke upesi. Mtu huyu alikuwa anateseka. Mke anamjua, hana uongo. Masikio yake mwenyewe anayajua, hayajawahi kumdanganya. Kimoja kati ya hivyo viwili kimeharibika, na mashindano yamebaki majuma matatu. Akageuza huku, akageuza kule, kila akigeuza anakuta lile lile: kiongozi wa sauti ya pili asiyesikia besi atajipimia wapi? Atawapoteza wenzake wote.

Basi Jumamosi, kwaya nzima imesimama, watu arobaini, mwalimu akakohoa na kusema, "Mama Tumpe atapumzika. Masikio nayo yana umri wake. Nafasi yake atasimama mwingine."

Mtu mmoja wa sauti ya tatu akacheka kidogo, akakatisha. Mama akavua joho lake, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kinanda. Akasema, "Sawa, mwalimu."

Hakusema Baba Tumpe. Alisema mwalimu. Akina mama, mnalijua neno hilo linakata kwa upande gani.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Ugali ulikuja kwa saa yake, shati lilipigwa pasi. "Karibu chakula." "Maji ya kuoga tayari." Maneno yamekwisha. Mwanamume ambaye mkewe anamgombeza bado ana mke. Ambaye mkewe amenyamaza ana mpishi.

Na kwaya je? Ikaharibika. Sauti ya pili bila yule mama ikawa inapanda kwenye sauti ya kwanza kama mbuzi kwenye shamba la jirani. Mwalimu akiingia kanisani anasikia vurugu. Akirudi garini kwenye ile rekodi, kwaya imenyooka kama uzi. Akarudi kwa fundi.

"Fundi, nina mtu nyumbani ambaye masikio yake hayashiki sauti za chini. Niongezee spika kubwa upande wake."

Fundi akamtazama. "Upande upi, mwalimu?"

"Huo wa abiria."

"Hebu kaa huko kwanza."

"Mimi? Nikae huko nifanye nini?"

"Kaa tu, mwalimu. Hakuna miiba."

Tangu anunue gari lile, mwalimu hakuwahi kukalia kiti cha kushoto. Ataka nini huko? Akazunguka, akafungua mlango, akaketi magoti yamembana. Fundi akaweka wimbo ule ule.

Wanawake wakamlipukia kwenye sikio la kushoto. Wanaume, aliowafundisha mwenyewe kila noti, walikuwa mbali huko, wanyonge, wanachelewa nyuma ya wenzao kama watu wanaoimba ng'ambo ya bonde. Akainama mbele. Akageuza kichwa. Na mdomo wake mwenyewe ukauliza, "Wanaume wamekwenda wapi?"

Fundi akasema, "Wako kwenye kiti chako. Niliichelewesha na kuipunguza spika yao ili wewe usikie sawa, na kila nilichokipunguza kule, anayekaa hapa ndiye anakikosa. Naweza kuipanga katikati, mkasikia wote wawili. Ila nakwambia mapema, wewe hutasikia tena kama ulivyosikia ile siku ya kwanza."

Mkisikia kwamba mwalimu alisema ndiyo hapo hapo, mmeongeza chumvi. Alifikiri kwanza. Ile raha ya kwaya kusimama juu ya dashibodi ilikuwa tamu. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "Panga katikati."

Hapo wengi wetu tungepiga makofi, tukaimba na kwenda zetu. Bado.

Akarudi nyumbani, akamkuta mkewe jikoni anachambua mboga. Akamsogelea karibu kabisa. "Mama Tumpe, nimegundua. Ulikuwa unasikia sawasawa. Basi yaishe, Jumamosi njoo."

Mama hakuinua uso. "Nimesikia," akasema.

Jumamosi akaja, akakaa kwenye benchi la nyuma, mikono ndani ya kitenge. Mwalimu akasimama mbele ya kwaya, akakohoa. "Wapendwa, kulikuwa na hitilafu ndogo ya kimitambo. Fundi hakuipanga vizuri redio ya gari langu. Imesharekebishwa. Mama Tumpe anaweza kurudi nafasi yake."

Mama akabaki ameketi. Akasema kwa ile sauti ya pili isiyohitaji kipaza, "Mwalimu, redio ilisimama hapo mbele ikasema mimi ni kiziwi?"

Watu arobaini wakatazama viatu vyao. Mtu aliyezoea kuwapa wengine noti ya kuanzia, yake ikamkwama kooni. Akatazama kinanda, akatazama dari. Kisha ikatoka, mbovu, bila tuni.

"Hapana. Nilisema mimi. Alinieleza anachosikia nikaona heri awe mgonjwa kuliko mimi kukosea. Hospitali walinikatalia, nikawakatalia na hospitali. Nimemwaibisha mbele yenu hapa. Mama Tumpe, nisamehe."

Mama akainuka. Hakulia, wala hakumkumbatia mtu. Akapita katikati ya benchi, akachukua joho lake juu ya kinanda, akasimama mahali pake, akamsukuma kwa nyonga yule aliyewekwa badala yake. Akasema, "Haya, Baba Tumpe. Tupe noti, jua linakwenda."

Wapendwa, sisi hatuna prosesa chini ya kiti, tuna kitu kibaya zaidi: tuna mazoea. Nyumba tumeipanga isikike vizuri pale tunapokaa sisi. Mkutano wa ukoo, zamu za maji, hata maombi yetu. Mwenzetu akisema huku kwangu hakusikiki, tunampeleka kupimwa. Mkwe analalamika? Ana kiburi. Kijana amenyamaza? Ana mapepo. Bibi hataki kuja ibadani? Amezeeka. Ni nani kati yetu amewahi kuzunguka gari, akafungua mlango wa pili, akaketi?

Na ukishaketi, ukishajua, kazi ndiyo imeanza. Maana sisi tuna ufundi mmoja mkubwa: kukosea kwenye kipaza sauti na kutubu jikoni. Tunamvunja mtu mbele ya arobaini, tunamwomba radhi mbele ya mboga. Halafu tunashangaa mbona hachangamki.

Leo hakuna atakayeniambia hajui pa kuanzia. Uliyemwaibisha unamjua, na waliokuwepo unawajua. Wengine wako humu humu, wamekaa nyuma yako. Wimbo wa mwisho utaimbwa na milango iko wazi, lakini kama una neno na mtu, usimvizie nje kwenye kona ya ukuta. Simama hapo ulipo. Tutakungoja.