Samli ya Dayaram

"Mwomba mgeni hafungi mlango."

Mmecheka nyinyi, bibi yenu alipoitoa methali hiyo pale harusini. Mkadhani anamsema mchoyo aliyealika watu kisha akaficha sinia la pilau. Hata. Hiyo si methali ya pilau, na aliyeisema kwanza hakuwa na la kumchekesha. Kaeni basi, maana ilianza hivi.

Hapa Kilosa, wakati garimoshi la Dar es Salaam likipita mara chache tu kwa juma, aliishi Mhindu mmoja jina lake Dayaram. Duka lake la nguo lilikuwa karibu na stesheni, na nyumba yake ilikuwa ubavuni mwa duka. Alikuwa mtu wa jasho. Alifungua duka kabla jogoo hajamaliza kuwika, akafunga wenzake wameshakula na kulala, na neno lake lilikuwa moja: cha bure hakipo, hata mbinguni. Mkewe alikufa mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Kantilal, ambaye mji mzima ulimwita Kanti.

Kanti alikuwa na sauti. Alipoimba nyimbo za ibada pale hekaluni, hata Waislamu waliokuwa wakienda zao msikitini walipunguza mwendo. Sauti hiyo ikumbukeni.

Ugomvi wao ulikuwa wa mchumba. Dayaram alimchagulia mwanawe binti wa ukoo wao kutoka Morogoro, Kanti akakataa. Neno likazaa neno, mpaka baba akamsukuma mwana nje, akatia komeo na kusema kwa ndani, "Mlango huu nimeufunga. Usiurudie." Hasira hasara, wanangu. Kanti alikwenda Kigoma, na habari zake zikakatika.

Miaka ikaenda. Dayaram akawa anapika peke yake, anakula peke yake, anaugua peke yake. Kwa dini yao maiti huchomwa moto, na anayeuwasha moto wa baba ni mwana. Kila alipokwenda kwenye mazishi ya mwenzake na kumwona kijana ameshika kijinga cha moto, alirudi nyumbani akiwaza nani atauwasha wake. Hakutaka tena binti wa Morogoro wala heshima ya ukoo. Alimtaka Kanti.

Ndipo akaazimia kuweka nadhiri. Alikwenda kwa Maharaj, kuhani wa hekalu lao dogo, akamweleza. Atajifungia katika chumba cha ibada tangu mwezi mwandamo mpaka mwezi mpevu. Hatasema na mtu, hatauona uso wa mtu, atakula tende na maji tu. Siku ya mwisho atawasha taa ya samli, na taa hiyo ikizimika yenyewe, nadhiri imetimia. Hapo Bhagwan, ndivyo wao wamwitavyo Mungu, atamrudishia mwanawe.

"Nadhiri ni njema, Dayarambhai, ndugu yangu," Maharaj akasema. "Lakini Bhagwan si mteja wako, umpimie yadi naye akulipe. Yeye hutoa apendapo."

"Basi sisi kazi yetu nini, Maharaj?"

"Labda kupokea."

"Kupokea si kazi," akajibu Dayaram, akaenda zake kununua samli.

Akajifungia. Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele, mlango wake ukitazama barazani, na komeo lilikuwa lile lile la siku ile aliyomfukuza Kanti. Njaa ilimuuma, magoti yakamvimba, ulimi ukamkauka kwa kukosa la kusema. Alivumilia yote. Hakuna mtu Kilosa aliyewahi kumfanyia Mungu kazi ngumu kama ile, hilo hatumnyimi.

Sasa lazima mjue jambo moja. Katika hadithi za dini yao wamo watawa waliokaa msituni wakijitesa kwa ajili ya Mungu, na walipokaribia kufika, walitumiwa kiinimacho, wenyewe wanakiita maya. Kiinimacho hicho huja kwa sura ya kile mtawa anachokipenda kuliko vyote. Akigeuka kukitazama, mateso yake yote yamekwenda bure. Dayaram alizisikia hadithi hizo tangu yuko mgongoni mwa mama yake, na alikwisha kujiambia: mimi hawatanipata.

Siku ya mwisho ikafika. Aliwasha taa asubuhi, akaketi mbele yake. Jua lilipokuwa linapanda, akasikia hatua barazani.

"Bapuji," sauti ikaita, ndivyo Kanti alivyomwita baba yake. "Ni mimi, Kanti."

Dayaram akanyanyuka nusu, kisha akaketi tena. Wamekuja na kiinimacho chao, akawaza.

"Bapuji, sikuja kudai kitu. Nataka kugusa miguu yako tu, unibariki, kisha niende."

Halafu ikafuata kikohozi, kirefu, cha kukwaruza. Na hicho kikohozi ndicho kilichomharibu. Dayaram akatabasamu mle ndani. Kanti wake alikuwa na sauti ya kusimamisha watu njiani, na hii ilikuwa imepasuka kama chungu kikuukuu. Hata kuigiza hawajui, akawaza. Akafumba macho na kuendelea kutaja jina la Mungu moyoni.

Jirani wa ng'ambo ya barabara, Bi Siwatu msuka mikeka, naye akaja kuupiga mlango. "Bwana Dayaram, fungua! Ni mwanao huyu, mgonjwa, hata kusimama hawezi!"

Wamemwiga na Bi Siwatu, akawaza Dayaram.

Saa zikapita. Kikohozi kilikuwa bado pale barazani. Taa nayo ilikuwa imeanza kusinzia, samli imebaki tone chini ya utambi. Angeiacha tu, ingezimika, nadhiri ingekuwa imetimia na mlango ungefunguliwa. Lakini Dayaram alitaka kumwonyesha Mungu kwamba hakuchoka. Alichukua chombo cha samli akaijaza taa upya, mpaka juu.

Alasiri garimoshi likapiga king'ora, likaja, likaondoka. Barazani pakawa kimya.

Taa ilipozimika, Dayaram alifungua mlango, uso umejaa furaha. Alimkuta Bi Siwatu ameketi kwenye ngazi, analia.

"Mwanangu amekuja?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mwezi ulipoandama.

"Alikuja, akaondoka," akasema Bi Siwatu. "Kifua kimemwisha. Daktari yuko Dar es Salaam, na garimoshi jingine mpaka juma lijalo. Alikaa hapa mchana kutwa, nikimpa maji. Alipoona hufungui, akainama akakigusa kizingiti chako kwa paji la uso, akasema, 'Hii ndiyo miguu ya baba yangu.' Mimi na wapagazi tukamsindikiza stesheni."

"Alitoka Kigoma lini?"

"Kabla ya mwezi kuandama. Alizidiwa njiani, akalazwa Tabora. Alipopata nafuu kidogo, akaendelea kuja."

Dayaram akaketi pale pale kizingitini.

Habari zilikuja siku chache baadaye, zimeletwa na bwana stesheni mwenyewe. Kanti alikufa ndani ya garimoshi kabla ya kufika. Wahindu wa Dar es Salaam walimchoma kwa heshima zote, na moto wake uliwashwa na mtu asiyemjua.

Maharaj akaja kumpa pole.

"Alianza safari kabla sijaanza nadhiri," akasema Dayaram.

"Naam, Dayarambhai."

"Basi si mimi niliyemleta."

"Si wewe."

"Bhagwan alikwisha kumleta mpaka barazani, bure. Palikuwa na kazi moja tu ya mkono wangu, kuvuta komeo. Ndiyo hiyo sikuifanya."

Maharaj alikuwa mtu mwema, akaketi naye pale kizingitini.

Tangu siku hiyo Dayaram aliling'oa lile komeo akalitupa. Mlango wake ulikuwa wazi mchana na usiku, masika na kiangazi. Mvua ilimnyeshea ndani, mbuzi waliingia wakala mashada ya maua ya ibada, wezi walipitia humo wakabeba majora ya nguo. Watu wema waliurudishia mlango, naye akaamka akaufungua.

"Jirani, funga mlango, watakumaliza," Bi Siwatu akamsihi siku moja.

"Mwomba mgeni hafungi mlango, Bi Siwatu."

"Mgeni gani tena, jirani yangu?"

Dayaram alitazama barabara ya stesheni. Bi Siwatu alijuta kuuliza maisha yake yote, na ndiye aliyeyaeneza maneno hayo mjini.

Moto wa Dayaram uliwashwa na Maharaj, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Waliokwenda kuutoa mwili hawakubisha hodi wala kuvunja kitu. Waliingia tu.

Mwomba mgeni hafungi mlango.