Kigoda cha Trifosa

"Salamu za kutumwa hazikai kitako." Shangazi yenu mgonjwa amewajibu hivyo kwenye simu, nanyi mmecheka. Mwauliza maneno hayo yalitoka wapi? Acheni kwanza kucheka, maana chanzo chake ni kichungu.

Siku zile Wakristo walikuwa bado wachache, wakisali majumbani. Katika mji mmoja paliishi mjane mtia rangi sufu, jina lake Trifosa. Watia rangi walikuwa na karamu yao kila mwaka. Nyama ilitolewa kwanza kwa sanamu, kisha wote wakaila. Trifosa alipobatizwa, alikataa kuila. Tangu hapo hakuna aliyemletea sufu wala kumwitikia kisimani. Alizomewa njiani mpaka akaacha kutoka.

Njaa aliiweza. Upweke ndio uliomshinda. Akaweka kigoda karibu na mlango, akimngoja Karpo, mzee wa kanisa, aje akae naye japo kidogo, majirani waone kwamba naye ana watu.

Desturi ya kanisa ilikuwa kuwapelekea wasiofika ibadani kipande cha mkate uliomegwa. Mkate wa Trifosa haukukosa. Mletaji aliupenyeza mlangoni, macho yakiwa njiani asije akaonekana.

"Mzee anakusalimu sana. Anasema jipe moyo."

Huyoo, kaenda zake! Na Karpo alikuwa na shughuli nyingi. Watu wema hawakosi shughuli.

Aliyekuja kukaa ni Beronike, mke wa mkuu wa watia rangi. Alileta sufu, akakivuta kigoda, wakachambua pamoja. Alimsikiliza Trifosa mpaka akalia. Sanamu hakuitaja hata mara moja.

Karamu ilipofika, Trifosa alikwenda, akala.

Kesho yake Karpo alikuja mbio, hata hodi hakuimaliza.

"Trifosa mwanangu! Umemkana Bwana kwa ajili ya pande la nyama?"

"Si nyama, baba."

"Sikukuletea mkate? Sikukutumia salamu kila Jumapili?"

"Zilifika zote, baba. Hakuna hata moja iliyokaa kitako."

Karpo akakisogelea kigoda, akataka kukaa.

"Hicho kina mwenyewe," alisema Trifosa. "Yuko njiani."

Tangu siku hiyo Karpo alizunguka nyumba kwa nyumba mpaka uzee ukamlaza, na watu wakamsifu. Mlango wa Trifosa haukumfungukia tena.

Basi ziwekeni hizo simu, mwende kwa shangazi yenu kigoda kingali wazi. Salamu za kutumwa hazikai kitako.