Kisima cha Bi Mwanahawa

Kisima hakiulizwi ukingoni. Mmeisikia, mkacheka, mkaniuliza ni nani aliyewahi kukihoji kisima. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Riziki aliolewa mwishoni mwa kiangazi. Mvua za kwanza zilipopiga, maji ya kisima cha uani kwa wakwe zake yakageuka rangi ya chai. Mama mkwe, Bi Mwanahawa, akachungulia, akasema, "Miaka thelathini nateka hapa. Hakijapata kuniaibisha mpaka ulipoingia mguu huu."

Tangu hapo Riziki akawa anateka kisima cha msikitini, safari nne kila alfajiri, ndoo kichwani. Shingo ilimuuma mpaka usingizini. Nyumbani kila mtu alikuwa tabibu: mama mkwe alitumbukiza majani ya mwarobaini, shemeji akamwaga chumvi, jirani akaleta vitunguu saumu. Maji yakaanza kunuka. Ndipo mumewe Athmani, mtu mpole asiyeweza kumpinga mamake, akamwambia, "Mama anataka Ijumaa nikurudishe kwenu." Riziki alikuwa amechoka, hata machozi aliyaona kazi.

Alhamisi akapita Mzee Kitwana, mchimba visima, kuomba maji ya kunywa. Akaletewa ya msikitini, akauliza kulikoni, akaelezwa yote.

"Na nani ameshuka kuangalia?"

Hakuna aliyeshuka. Mzee akajifunga kamba, akateremka. Kapu likapanda na majani yaliyooza, vitunguu, na hirizi nyekundu.

"Hirizi ya nani hii?" akauliza Bi Mwanahawa.

"Yangu, mama," akasema Riziki. "Nilitaka mguu wangu utakate." Aliona haya, maana kumbe naye alikuwa ameamini.

Mzee Kitwana akatoka ametapakaa tope. "Harufu ni dawa zenu. Rangi ni udongo. Jiwe la ukutani limechomoka, mvua inauingiza. Na jiwe lenyewe limezama topeni nusu, limeanguka tangu mwanzo wa kiangazi. Bibi harusi hamkuwa naye bado. Nyinyi mlikuwa mkikiuliza kisima ukingoni."

Kufika adhuhuri jiwe lilikuwa limerudishwa. Hakuna aliyemtaka Riziki radhi. Akakunja kanga zake, akaenda kwao kulala.

Siku ya tatu Athmani akaja, akasimama mlangoni. "Maji yametakata, mke wangu. Sasa una nini tena?"

"Kisima hakiulizwi ukingoni," akasema Riziki.

Athmani akavua viatu, akaingia, akaketi.