Ukuta wa Bi Rababu

Ndugu zangu katika imani, wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Wasit, kando ya mto Dijla, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Rababu binti Nuaimu. Mumewe alikuwa fundi wa kuchonga milango. Alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba vinne yenye ua na kisima, na mtoto mmoja wa kiume, Suwaidi. Kila siku baada ya sala ya Adhuhuri Bi Rababu aliwafundisha Qur'ani wanawake wa mtaa wake, na hakuna aliyewahi kumsikia akiapa, kwa jambo dogo wala kubwa.

Suwaidi alipotimiza miaka ishirini na miwili alifuatana na wafanyabiashara kwenda kaskazini. Huko mpakani msafara wao ukavamiwa na askari wa Rumi, naye akachukuliwa mateka. Ukapita mwaka mzima bila habari. Kisha, asubuhi ya Jumamosi moja, akaja kiongozi wa msafara wa kukomboa mateka, akabisha hodi na kusema:

"Ummu Suwaidi, mwanao yu hai. Wanataka fidia ya dinari mia tatu. Sisi tunaondoka Ijumaa hii baada ya sala. Atakayebaki safari hii atavushwa bahari akauzwe, na huko hatuna njia ya kumfikia."

Bi Rababu alisujudu palepale kizingitini kumshukuru Mola wake kwamba mwanawe yu hai. Alipoinua kichwa alikuwa ameshaamua. Akamwita dalali mmoja, Zuhairi, akamwambia aitangaze nyumba. Zuhairi akaipima, akapanda darini, akasema kwamba katika siku za kawaida haiwezi kupungua dinari mia tatu na ishirini.

Lakini siku zile hazikuwa za kawaida, na mtaa mzima ulijua. Mtu wa kwanza kufika alikuwa Huraithi, mwuza nafaka, jirani wa ukuta kwa ukuta. Akaketi uani, akatoa pole nyingi, kisha akasema:

"Natoa mia na hamsini. Taslimu, leo hii."

"Huraithi, nyumba hii unaijua," alisema Bi Rababu. "Marehemu baba yako aliwahi kuitaka kwa mia mbili na themanini, mume wangu akakataa."

"Wakati ule, mama, hakukuwa na Ijumaa."

Damu ilimpanda Bi Rababu. Ni yeye aliyemwosha mama yake Huraithi na kumlisha kwa mkono wake katika maradhi yake ya mwisho. Maneno makali yalimjia mpaka kwenye meno. Akayameza, akasema:

"Bei yako nimeisikia. Mwenyezi Mungu akubariki katika mali yako. Kwa hiyo siuzi."

"Itashuka," alisema Huraithi akiinuka.

"Huenda. Basi utanikuta hapahapa."

Jumapili wakaja wawili, na Jumatatu watatu. Mmoja akatoa mia na arubaini. Mwingine akagonga milango aliyoichonga marehemu, akasema imeliwa na mchwa, ilhali ilikuwa mizima kama siku ilipotundikwa. Kila mmoja Bi Rababu alimjibu kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, kisha akamsindikiza mpaka nje.

Jumanne Zuhairi alikuja amekunja uso.

"Mama, watu hawa wanangoja uchoke. Nisikilize. Nina binamu yangu. Kesho nitamleta hapa mbele ya Huraithi, aseme anatoa mia tatu na ishirini. Huraithi akisikia hivyo atakurupuka."

"Na huyo binamu yako atanunua?"

"Anunue kwa nini? Hana kitu. Atasema tu."

"Basi huyo si mnunuzi, Zuhairi. Huo ni uongo uliovishwa kanzu."

"Ni mwanao, mama!"

Bi Rababu akainuka, akamfungulia mlango. "Najua ni mwanangu," alisema. "Usinikumbushe."

Jumatano, kabla ya Alasiri, akafika mtu mgeni. Jina lake Mundhiri, mwuza karatasi kutoka Hamadhani, aliyekuwa akihamia Wasit na familia yake. Hakusema mengi. Alipita chumba hadi chumba, akachota maji ya kisima akayaonja, akashika milango kwa viganja kama mtu anayejua mbao. Kisha akasema:

"Natoa dinari mia tatu."

Zuhairi alikaribia kupiga takbiri. Mia tatu! Fidia kamili, na siku mbili zimebaki. Bi Rababu akafungua kinywa aseme nimeuza, lakini akageukia mlango wa chumba cha nyuma.

"Kabla hatujakubaliana," alisema Bi Rababu, "njoo uone jambo."

Akampeleka chumba cha nyuma, akalivuta sanduku la nguo lililokuwa limeegemea ukuta, akamwambia aguse. Mundhiri akagusa. Kiganja kilirudi kimelowa.

"Huvuja hivi miezi yote ya baridi," alisema Bi Rababu. "Plasta haikai."

Mundhiri akashusha pumzi. "Chumba hiki ndicho nilichotaka kiwe ghala la karatasi. Maji yanatoka wapi?"

Bi Rababu alijua yanakotoka. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na birika la Huraithi la kuhifadhia maji, lililopasuka miaka miwili nyuma. Alikuwa amemwambia mara mbili alizibe, naye akaahidi mara mbili. Ilikuwa rahisi kulitaja jina lake, na moyo wake ulitamani kulitaja kwa ladha yote.

"Yanatoka upande wa pili," alisema. "Muulize mwenyewe mwenye upande huo. Mimi nina kinyongo naye wiki hii, nachelea ulimi wangu usije ukazidisha."

Mundhiri alimtazama, kisha akautazama ukuta. "Kama hali ndiyo hii, siwezi kuzidi mia mbili na ishirini. Nitauliza." Akaaga, akaenda zake.

Zuhairi alishika kichwa. "Umemwuza mwanao kwa kiganja cha maji!" alisema, naye akaondoka bila kuaga.

Alhamisi hakuja mtu. Bi Rababu alifundisha darasa lake kama kawaida, na wanawake walioketi mbele yake walisema alikosea aya moja mara tatu, jambo ambalo hawakuwahi kuliona.

Mchana huohuo Mundhiri alikwenda dukani kwa Huraithi, akamweleza aliyoyaona na kumwuliza juu ya maji. Huraithi alifahamu mara moja kwamba akisema nyumba imeoza tangu msingi, mgeni atakimbia, na kesho yeye ataichukua kwa bei atakayo.

"Yeye mwenyewe alikwambia yanatoka wapi?" aliuliza.

"Alikataa. Alisema ana kinyongo na mwenye upande huo, anachelea ulimi wake usizidishe."

Huraithi akainamia mizani yake. "Sijui," alisema. "Mimi sijui kitu."

Asubuhi ya Ijumaa ngamia wa msafara walikuwa wameshalazwa mbele ya msikiti, wakipakiwa mizigo. Bi Rababu alikaa uani na hati ya nyumba mapajani. Hesabu aliijua: hata akiuza kwa mia mbili na ishirini, mwanawe angebaki. Aliswali rakaa mbili. Hakuomba kwa maneno mengi, alisema tu, "Ee Mola, Wewe unaniona," akakaa kimya. Watu walikuwa wakipita nje kwenda kuoga na kuvaa kwa ajili ya sala.

Mara mlango ukagongwa. Walikuwa Huraithi na Mundhiri, na nyuma yao wazee wawili wa mtaa. Huraithi hakuketi.

"Mbele ya mashahidi hawa," alisema, "maji ya ukuta ule ni ya birika langu. Mama huyu aliniambia mara mbili, nikampuuza. Tangu asubuhi nina vibarua wanalibomoa. Nyumba haina kasoro. Na haki yangu ya jirani ya kununua kwanza nimeiacha." Akamgeukia Bi Rababu. "Jana nilimwambia huyu bwana sijui. Kutoka hapo sikuweza kupima hata kibaba kimoja cha ngano. Ulikuwa na haki ya kuniaibisha mji mzima, ukaniachia niseme mwenyewe."

Mundhiri akaweka mfuko mbele ya Bi Rababu. "Mia tatu, kama nilivyosema mwanzo. Katika mji huu nimeonyeshwa nyumba tatu kabla ya hii, na wenyewe wote waliapa hazina kasoro. Hii ndiyo nyumba pekee ninayoijua."

Adhana ilikuwa bado haijasomwa. Bi Rababu akakabidhi hati, na sala ilipomalizika akaufikisha mfuko kwa mkono wake mwenyewe, ngamia wa mbele akiwa ameshainuka.

Suwaidi alirudi baada ya miezi minne, amekonda, akamkuta mama yake katika chumba cha kupanga karibu na soko la wafinyanzi. Alipoyasikia yote aliuliza, "Mama, hukutamani kuuficha ule ukuta?"

"Kila saa," alisema Bi Rababu. "Lakini nilikuwa namwomba Mwenyezi Mungu akutoe mikononi mwa watu. Nikaona haya kumwomba huku nimemweka mja wake mwingine mtegoni."

Enyi mnaouza na kununua, anayekupa bei ya chini hajakudhulumu bado, na una haki ya kumkatalia kwa upole. Dhuluma huanza pale shida yako inapokushawishi usiseme kweli. Mwenyezi Mungu atupe subira ya kukataa bila matusi, na ujasiri wa kusogeza sanduku.